Gobbledygook: sauti ya bata mzinga iliyohamia ofisini

Tuanze na meseji. Iliingia kwenye grupu la mtaa wetu asubuhi, siku ya tatu maji hayatoki, na ilikuwa imeandikwa hivi: "Tunapenda kuwataarifu wateja wetu wapendwa kuwa kutokana na zoezi linaloendelea la maboresho ya miundombinu, huduma itaendelea kupatikana kwa kiwango kisichoridhisha katika baadhi ya maeneo hadi hapo zoezi hilo litakapokamilika. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza." Watu wakasoma, grupu likapoa kama dakika tano hivi, halafu mama mmoja mtu mzima, mwalimu mstaafu, akaandika: "Jamani, kwa hiyo yanatoka au hayatoki?"

Sasa huyo mama kafundisha Kiswahili darasani tangu wengine hatujazaliwa. Hakuna neno hata moja kwenye ile meseji asilolijua. Zoezi analijua, maboresho anayajua, miundombinu anaijua, na bado kafika mwisho hajui abebe ndoo au asibebe. Mimi nikajisemea moyoni, hiki kitu Wamarekani wana jina lake, tena jina la kuchekesha kweli, linaitwa gobbledygook.

Kulitamka usihangaike, ni kama gabo-di-guku, mkazo pale mwanzo, ulisukume haraka haraka kama unaogopa litakuponyoka. Waingereza wengi wanapenda kuliandika na e katikati, gobbledegook, ni neno lile lile. Mimi humu nitaliandika gobodiguku tusivunjane vidole.

Ukiuliza maana yake kwa haraka utaambiwa ni "maneno yasiyoeleweka" basi, na hapo ndipo watu wengi wanapoishia, kumbe mambo mengi hayaeleweki na sio gobodiguku. Mtoto wa mwaka mmoja akiongea yale mambo yake haeleweki. Mlevi saa nane usiku haeleweki. Mchina akikuongelesha Kichina na wewe hujui Kichina hamuelewani, lakini Kichina ni lugha ya watu na kina maana zake, na ukimwambia mtu lugha yake ni gobodiguku umemtukana, kaa ukijua. Gobodiguku ni kitu maalumu zaidi na ili kukielewa inabidi turudi Texas kidogo.

Kulikuwa na jamaa anaitwa Maury Maverick. Kazaliwa San Antonio mwaka 1895, vita ya kwanza ya dunia alikwenda kupigana Ufaransa akajeruhiwa, akarudi akawa mwanasiasa, mbunge kule Washington kuanzia 1935 hadi 1939, halafu meya wa San Antonio mpaka 1941. Na hilo jina lake la ukoo lina stori yake kabla hata hatujafika kwenye bata. Babu yake, Samuel Maverick, alikuwa na ardhi kubwa sana Texas, na kwenye miaka ya 1840 kuna mtu alikuwa na deni kwake, akashindwa kulipa pesa, akamlipa ng'ombe, kama 400 hivi. Mzee wa watu ng'ombe hakuwa na habari nao. Wenzake wote walikuwa wanachoma alama ya moto kwenye ngozi ili kila mtu ajue wake, yeye hakuchoma, akawaacha wanazurura. Ikawa mtu akikutana na ng'ombe hana alama anasema huyo wa Maverick, na mpaka leo Kiingereza kinamwita maverick mtu asiyefuata kundi, asiye na alama ya mtu yeyote mgongoni. Yani ukoo mmoja, maneno mawili kwenye kamusi, babu moja na mjukuu moja. Koo nyingine zinaachiana mashamba.

Haya, mjukuu. Mwaka 1944 vita ya pili imepamba moto na Maury Maverick kapewa shirika la serikali linaitwa Smaller War Plants Corporation, lililoanzishwa 1942 kusaidia viwanda vidogo navyo vipate tenda za kutengeneza vitu vya vita, maana vile vikubwa vilikuwa vinakomba kila kitu. Kazi ya haraka, watu wanakufa huko nje, na yeye kila siku anaingia kwenye vikao na kuletewa madokezo marefuuu, kurasa na kurasa, anasoma mpaka mwisho hajui anaombwa asaini nini. Machi 1944 uvumilivu ukamwishia, akaandika memo kwa wafanyakazi wake wote. Kichwa cha hiyo memo kilikuwa na hilo neno, gobbledygook, na ujumbe wake ulikuwa mfupi: andikeni kwa kifupi, semeni mnachokiongelea, acheni maneno ya kujikoki. Akaorodhesha mpaka maneno aliyochoshwa nayo, na akamalizia kwa onyo kwamba mtu yeyote atakayetumia neno "activation" au "implementation" atapigwa risasi.

Alikuwa anatania, lakini mtanie mtu hivyo wakati wa vita uone atakavyokaa vizuri kwenye kiti.

Waandishi wa habari wakaipata hiyo memo, ikasambaa, na Mei mwaka huo huo akaandika makala kwenye gazeti la New York Times kueleza hilo neno kalitoa wapi. Akasema hajui hasa, limemjia tu, labda alikuwa anamuwaza yule bata mzinga dume wa kwao Texas, mwenye ndevu, anayepiga kelele muda wote huku anatembea kwa maringo ya kuchekesha, na kila akimaliza kelele zake kuna kamlio kengine kanatoka mwishoni kama "guku".

Sasa kama hujawahi kufuga bata mzinga au kuishi jirani na mtu anayefuga, hapa utani utakupita, ngoja nikusogeze. Bata mzinga dume akiamua kujionyesha anavimba. Manyoya yote yanasimama, mkia unafunguka kama feni ya mkono, mabawa anayashusha mpaka yanakwaruza chini kwaaa kwaaa, shingo na kichwa vinabadilika rangi, mara nyekundu mara bluu, na lile linyama linaloning'inia juu ya mdomo linarefuka. Halafu anatembea polepole kama mgeni rasmi anayekagua gwaride. Kuna mzee mmoja tulikaa naye mtaa mmoja zamani alikuwa nao wawili watatu, sisi watoto mchezo wetu ulikuwa kupita nje ya uzio na kupiga mluzi, ukipiga tu mluzi wanajibu wote kwa pamoja, gobo-gobo-gobo-gobo, ukipiga tena wanajibu tena, geti likijibamiza wanajibu, pikipiki ikipita wanajibu. Hawajaulizwa kitu. Hawana cha kusema. Ila wanajibu, tena kwa kifua mbele.

Ndio picha aliyokuwa nayo Maverick kichwani akiwa kwenye kikao cha Washington. Na ndio maana neno hili lina vitu viwili ndani yake ambavyo tafsiri ya "maneno yasiyoeleweka" inavipoteza vyote: kuvimba, na cheo. Anayetoa gobodiguku ni mtu wa ofisini, mwenye mhuri, mwenye kalamu ya kusaini, au anayetaka aonekane hivyo. Muuza karanga hatoi gobodiguku. Muuza karanga akiwa haeleweki hauzi, hiyo anasa hana.

Wiki ile ya meseji ya maji nilijaribu kulitafutia neno la Kiswahili. Nikaanza na porojo. Porojo hapana, porojo ni maneno ya kupoteza muda, watu wamekaa kijiweni wanapiga porojo, raha tupu, kila mtu anaelewa. Longolongo? Longolongo ni kukuzungusha, njoo kesho, njoo keshokutwa, bosi katoka, ni mchezo wa muda zaidi kuliko wa maneno, unaweza ukapigwa longolongo kwa Kiswahili chepesi kabisa cha "njoo Jumatatu". Usanii ni utapeli wenye tabasamu. Kuna ile methali ya debe tupu haliachi kuvuma, inakaribia sana maana nayo imeanza na kelele kama bata, ila debe ni tupu, ukifunua hamna kitu. Gobodiguku mara nyingi sio tupu! Ndani kuna kitu, kadogo, tena ni kale unakokahitaji, kamefungwa na mablanketi saba. Ile meseji ya maji ilikuwa na habari ndani yake. Kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa amepita kule ndiye aliyemjibu yule mama kwenye grupu: "Bomba kubwa limepasuka pale kwa fundi cherehani wamechimba shimo wameondoka, mafundi wanasema wiki." Hiyo ndio meseji yote. Maneno kumi na tatu. Lipi ni bomba, liko wapi, nani kafanya nini, mpaka lini, vyote vimo.

Weka hizo meseji mbili pembeni moja na nyingine. Ya ofisi inaanza na "tunapenda kuwataarifu", kwamba wanapenda, kama vile ni mwaliko. Halafu "zoezi linaloendelea", jamani hili neno zoezi, siku hizi kila kitu nchi hii ni zoezi, zoezi la kuandikisha, zoezi la kubomoa, zoezi la kuhesabu, utadhani wote tuko uwanjani na traksuti. Halafu "maboresho". Kitu kimepasuka, kinamwaga maji barabarani watoto wanaoga, na jina lake ni maboresho. "Baadhi ya maeneo", yapi? "Hadi hapo litakapokamilika", yani likiisha litakuwa limeisha. Na mwisho wanaomba radhi kwa usumbufu "utakaojitokeza", wakati usumbufu umeshajitokeza siku tatu zilizopita, umekaa sebuleni, umevua viatu.

Kitu ninachokiona mimi, na hapa ndipo nadhani wengi wanakosea wakisema shida ni maneno magumu, ni kwamba maneno yenyewe sio magumu. Shida ni kwamba mtu kaondolewa. Angalia jinsi kitenzi cha Kiswahili kilivyo. Kwa Kiswahili huwezi kusema "kata mti jana" tu ukaishia hapo, lazima useme alikata, walikata, tulikata, yani mtu yumo ndani ya kitenzi chenyewe, a-, wa-, tu-, ameshikwa kama kupe. Kwa hiyo mtu wa ofisi akitaka kumtoa huyo mtu inabidi afanye kazi. Hatua ya kwanza anasema "mti umekatwa". Sawa, lakini hapo bado kuna mtoto atauliza, umekatwa na nani? Hatua ya pili anakigeuza kitenzi kuwa nomino, anakivalisha u- mbele, "zoezi la ukataji wa mti limekamilika". Hapo hata kuuliza unajisikia vibaya. Ukataji na nani? Haikai mdomoni. Mtu keshatoka, mlango umefungwa, kimebaki kitendo kinajitenda chenyewe. Ndio unakuta sentensi kama "uimarishaji wa ushirikishwaji wa wadau katika uboreshaji wa utoaji huduma", ina u- kama reli ina mataruma, na kwenye behewa lote hakuna abiria hata mmoja.

Halafu kumbuka lile neno la pili ambalo Maverick alisema atapiga mtu risasi, implementation. Kiswahili chake ni utekelezaji. Fungua taarifa yoyote ya habari usiku wa leo, hesabu utekelezaji zipo ngapi kabla ya matangazo. Tungebaki wangapi?

Huko Marekani kwenyewe sio kwamba Maverick alikuwa wa kwanza kukasirika. Mwaka 1942, wanaogopa ndege za adui zinaweza kuja usiku, ofisi ya ulinzi wa raia ikaandika agizo kuhusu kuzima mwanga kwenye majengo ya serikali. Agizo lenyewe lilikuwa sentensi moja ndefu ajabu, linasema maandalizi yafanywe yatakayowezesha kuyaficha kabisa majengo yote ya serikali kuu na yasiyo ya serikali kuu yanayokaliwa na serikali kuu yasionekane kwa sababu ya mwanga wa ndani au wa nje wakati wa shambulio la anga, kwa muda wowote ule. Rais Franklin Roosevelt akaletewa. Akasema waambieni hivi: kwenye majengo ambayo kazi lazima iendelee, wazibe madirisha na kitu. Na kwenye yale ambayo kazi inaweza kusimama kidogo, wazime taa. Basi! Mtu yeyote anayejua dirisha na taa ni nini keshaelewa, na cha muhimu zaidi, ile ya Roosevelt ina mtu ndani, wazibe, wazime. Ile ya ofisi haina mtu hata mmoja, ina "maandalizi".

Haya, tuje kwenye matumizi maana hapo ndipo mtu anaweza akajiaibisha.

Gobodiguku ni jina la kitu kisichohesabika, kama uji. Husemi magobodiguku mawili. Mmarekani amesoma mkataba wa bima, bili ya simu, barua ya kodi, yale masharti ya kwenye programu ya simu ambayo sote tunabonyeza nimekubali bila kusoma, anaitupa mezani anasema hii yote gobodiguku tu. Au mbunge anamuuliza waziri swali la ndio au hapana, waziri anaongea dakika nne, mbunge anasema naomba jibu bila gobodiguku. Sio tusi. Ni neno unaloweza kulisema mahakamani, bungeni, mbele ya mama mkwe, halina uchafu wowote, ni la kizamani kidogo na lina utoto fulani kwenye sauti yake, na nguvu yake iko hapo hapo, kwamba unamchukua mtu mwenye tai na hotuba ya kurasa 12 unamfanya bata. Kijana wa miaka 17 Marekani leo pengine hatalisema kila siku, ana maneno yake mengine, ila akilisikia analielewa.

Watu wa kompyuta nao wamelichukua. Ukifungua faili likaja na alama alama, pembetatu, alama za kuuliza, herufi za sayari nyingine, wanaita hivyo hivyo. Hapo lile la kuvimba limepotea, limebaki la kutoeleweka tu.

Moja la tahadhari na hili ni la kweli sio mapambo: usilikate. Ukichukua ule mkia wa neno peke yake, ile "gook", umeshika tusi la kibaguzi ambalo wanajeshi wa Marekani walikuwa wanawaita watu wa Asia, kwenye vita ya Korea, vita ya Vietnam, huko. Maverick yeye alikuwa anaiga sauti ya ndege, ni mambo mawili tofauti, ila masikio ya mtu aliyetukanwa hayana muda wa kufungua kamusi. Liseme zima.

Na tahadhari ya pili ni kwetu sisi wasikilizaji. Sio kila usichokielewa ni gobodiguku. Madaktari wawili wanaongea wodini juu ya mgonjwa kwa maneno yao ya kidaktari, hiyo ni lugha ya kazi, wanaelewana, wanaokoa muda na pengine roho ya mtu. Fundi umeme akimwambia mwenzake kuhusu fezi na nyutro hajakusudia kukuficha. Inakuwa gobodiguku pale daktari yule yule anapokugeukia wewe ndugu wa mgonjwa, anajua hujui, na anakuongelesha vile vile ili usiulize swali la pili. Maneno yanaweza kuwa yale yale kabisa! Kilichobadilika ni nani anasikiliza na msemaji anataka nini. Kwa hiyo ukisoma makala ya fizikia ukaona giza, usiite gobodiguku, wewe na mimi hatujasoma fizikia, tukae kwa kutulia.

Na pia lugha kuwa ya kwako haikuokoi. Mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, jambo kubwa na la maana sana, mtu anahukumiwa kwa lugha anayoiota. Lakini tusijidanganye kwamba ikishakuwa Kiswahili basi imeeleweka. Yule mama mwalimu hakuletewa meseji ya Kilatini. "Upembuzi yakinifu", yani kuchunguza kwanza kama mradi unawezekana, ni Kiswahili safi, kimenyooka, na mimi nina wasiwasi kwamba watu wengi wameusikia kwa miaka kwenye habari ya barabara yao wakidhani ni aina ya kifusi. "Tuko kwenye mchakato" nayo Kiswahili. Ukiuliza mchakato umefika wapi unaambiwa uko kwenye hatua mbalimbali.

Waingereza walipochoka wao waliichukulia kihuni zaidi. Mwaka 1979 mama mmoja anaitwa Chrissie Maher alikwenda pale Parliament Square, London, mbele ya bunge lao, akaanza kuchana fomu za serikali hadharani, ukawa ndio mwanzo wa kampeni inayoitwa Plain English Campaign, ambayo inatoa hata zawadi ya kejeli, Golden Bull, kwa maandishi mabovu kupita yote. Marekani wakaenda njia ya karatasi. Mwaka 1998 ile tume inayosimamia masoko ya hisa ikatoa kitabu cha kufundisha makampuni kuandika kwa lugha ya kueleweka, na dibaji akaandika tajiri Warren Buffett, akasema yeye akikaa kuandika ripoti yake ya mwaka anajifanya anaongea na dada zake, Doris na Bertie, watu wenye akili zao timamu ila sio mabingwa wa mahesabu na fedha. Mimi hii naipenda. Hakusema andikia mjinga. Kasema andikia dada yako, mtu unayemheshimu na ambaye atakupigia simu ukimficha kitu.

Halafu tarehe 13 Oktoba 2010 Barack Obama akasaini sheria kabisa, Plain Writing Act, inazitaka ofisi za serikali kuu zinapowaandikia wananchi ziandike kitu kinachoeleweka. Tatizo ni kwamba sheria yenyewe inasema mwananchi hawezi kwenda mahakamani kwa sababu ofisi fulani imeivunja. Yani ukiletewa fomu imejaa gobodiguku unachoweza kufanya kisheria ni kusikitika.

Ila kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Alfred Kahn. Huyu alikuwa profesa wa uchumi, mwaka 1977 akapewa bodi ya serikali inayosimamia mashirika ya ndege, na moja ya mambo ya mwanzo aliyofanya ni kuwaandikia wafanyakazi wake waache lugha ya kiofisi, waandike kama wanavyoongea na watu. Baadaye Rais Jimmy Carter akamfanya mshauri wake wa mambo ya mfumuko wa bei. Mwaka 1978 akasema hadharani kwamba mfumuko wa bei usipodhibitiwa nchi inaweza kuingia kwenye mdororo mkubwa wa uchumi. Ikulu ikaja juu, hilo neno tusilisikie tena, unatisha watu. Kahn akasema sawa. Kuanzia hapo alipotaka kusema mdororo wa uchumi akawa anasema ndizi, kwamba jamani tusipoangalia tutapata ndizi mbaya kuliko zote kwa miaka 45. Waandishi wakacheka, kila mtu akaelewa. Wafanyabiashara wa ndizi wakalalamika, kwamba unaharibu jina la bidhaa yetu. Akabadilisha akawa anasema kumquat, kale katunda kadogo kama chungwa la mdoli.

Sisi ndizi yetu tunayo siku nyingi, inaitwa changamoto. Zamani kulikuwa na tatizo, shida, janga, hasara, upungufu, kila moja na uzito wake, ukisikia tu unajua ukimbie au utembee. Siku hizi vyote vimekuwa changamoto. Dawa hazipo, changamoto. Daraja limesombwa, changamoto. Na imeshatoka maofisini imefika mpaka gereji, maana majuzi fundi wangu kanipigia simu, sauti ya upole kama shehe anatoa rambirambi, kaniambia, "Bosi, gari yako tumeifungua tumeona ina changamoto kidogo." Nikamuuliza changamoto gani. Akasema, "Injini imekufa."